Umepata Leseni ya Redio: Jinsi ya Kuyapata Masafa Yenye Watu Karibu Nawe

Leseni ya redio ya ridhaa inakupa haki ya kurusha mawimbi. Mtu wa kuzungumza naye unamtafuta mwenyewe. Waendeshaji wengi wapya huwasha redio ya mkononi jioni ya kwanza, hupekua masafa saa nzima, wasisikie chochote ila mvumo. Wengine huamua kwamba redio ni mbovu, wengine kwamba nchini hakuna watu. Mara nyingi redio ni nzima na watu wapo. Wanaotafuta wamepewa namba tu, hawakupewa saa.

Masafa ni kama gulio. Uwanja uko palepale wiki nzima, lakini ukifika siku isiyo ya mnada hukuti mnunuzi wala muuzaji. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, kila masafa unayoyaandika kwenye daftari lako yawe na mambo manne: namba yenyewe, aina ya utumaji (FM, SSB, mosi au dijitali), saa ambayo watu huwepo, na ni nani hao. Namba isiyo na saa ni nusu ya jibu. Mbinu zilizo hapa chini zote zinalenga kuzijaza safu hizo nne, na zimepangwa kwa utaratibu ambao ningependa kila mwendeshaji mpya wa Afrika Mashariki aufuate.

1. Anza na karatasi ya leseni

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeigawa dunia katika kanda tatu. Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zimo Kanda ya 1. Bara la Amerika, kaskazini na kusini, ni Kanda ya 2. Sehemu kubwa ya Asia na Pasifiki ni Kanda ya 3. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa sababu vitabu na video nyingi za redio ya ridhaa hutoka Marekani, na mipaka ya bendi za huko si yetu. Marekani bendi ya mita 2 hufika 148 MHz. Katika Kanda ya 1 huanzia 144 na kuishia 146. Bendi ya sentimita 70 kule ni 420 hadi 450 MHz. Kwetu ni 430 hadi 440. Bendi ya mita 40 kule hufika 7.300 MHz; kwetu huishia 7.200, na juu ya hapo wapo watangazaji wa masafa mafupi.

Hata hiyo mipaka ya kanda si ruhusa. Ruhusa yako ni jedwali lililo kwenye leseni na masharti ya mamlaka iliyokupa: Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, TCRA kwa Tanzania, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda. Nchi inaweza kutoa sehemu tu ya bendi, kuweka kikomo cha wati, au kuzuia daraja la wanaoanza lisitumie masafa fulani. Nakili jedwali hilo kwa mkono kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Ukiona kokote, hata katika makala hii, masafa yasiyomo kwenye jedwali lako, yachukue kwa kusikiliza tu.

Redio za bei nafuu za mkononi, kama Baofeng UV-5R, zinaweza kurusha mawimbi mbali kabisa nje ya bendi zetu. Ukibofya juu ya 146 MHz unaingia kwa kampuni za ulinzi, hospitali na idara za serikali. Ukibofya kwenye 156.800 MHz umeingia kwenye chaneli ya 16 ya mabaharia, ambayo ni ya wito na dharura, na anayeishi Mombasa, Tanga au Lamu anajua maisha ya nani yanaitegemea. Kabla ya kusaka kokote, ifunge redio isirushe nje ya bendi yako. Programu ya bure ya CHIRP hukuwezesha kuweka mipaka hiyo kwenye redio nyingi kwa kutumia kompyuta na waya mmoja.

2. Jifunze ramani ya bendi kabla ya kuzungusha kitufe

Ndani ya kila bendi waendeshaji wamekubaliana nani akae wapi. Makubaliano hayo hupangwa na IARU, umoja wa vyama vya redio ya ridhaa duniani, na huitwa mpango wa bendi. Ukiyajua, hutapoteza muda kutafuta sauti ya FM mahali pa mosi. Kwa mita 2 katika Kanda ya 1, haya ndiyo ya kuweka kichwani:

- 144.300 MHz: mahali pa kuitana kwa SSB.
- 144.800 MHz: APRS, yaani vifurushi vifupi vya data vinavyobeba mahali kituo kilipo na ujumbe mdogo.
- 145.500 MHz: mahali pa kuitana kwa FM, redio kwa redio.
- 145.600 hadi 145.7875 MHz: sauti zinazotoka kwenye ripita.
- 145.800 hadi 146.000 MHz: satelaiti.

Kwa sentimita 70, mahali pa kuitana kwa FM ni 433.500 MHz.

Itazame vizuri ile sehemu ya satelaiti. Mgeni akiikuta kimya hudhani ni uwanja wa wazi wa kupiga soga na rafiki yake wa mtaa wa pili. Kimya kile kina mwenyewe: kituo cha anga cha kimataifa hutuma sauti kwenye 145.800, na mtu wa FM aliyekaa hapo huwaharibia wanafunzi na waendeshaji wanaosubiri dakika chache tu za kupita kwake. Hapo sikiliza, usirushe.

3. Ipe redio ya mkononi kazi ndogo

Ukiiambia redio ikague kuanzia 144 hadi 146 kwa hatua ndogondogo, itachukua muda mrefu kumaliza mzunguko, na mtu aliyeita kwa sekunde tano atakuwa ameshapita. Badala yake weka chaneli chache kwenye kumbukumbu ya redio, kisha ikague hizo tu. Anza na 145.500 na 433.500, 144.800 kwa ajili ya APRS, na chaneli 16 za ripita kuanzia 145.600 hadi 145.7875 kwa hatua ya 12.5 kHz. Hizo hazifiki 20, na redio yoyote huzizunguka haraka.

Unaposaka, zima toni kwenye upande wa kupokea. Toni ni mlio wa chini usiosikika masikioni, kati ya 67.0 na 254.1 Hz, ambao redio huutumia kuchuja nani afungue spika. Ukiiacha ikiwa imewashwa, majirani watakuwa hewani nawe ukabaki kimya bila kujua. Ishushe skwelchi pia hadi karibu na kiwango cha mvumo, maana mtu unayemtafuta anaweza kuwa dhaifu.

Kisha panda juu. Mawimbi ya VHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo urefu wa mahali ulipo una nguvu kuliko wati. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wa redio. Ukisimama chini na antena mita moja na nusu kutoka ardhini, upeo wako ni kama kilomita 5 kwenye ardhi tambarare, na kuta za mji huupunguza zaidi. Ukipanda paa la jengo la mita 25, upeo unafika kama kilomita 20. Mkazi wa Nairobi akipanda milima ya Ngong husikia mengi ambayo sebuleni kwake hayafiki, na mkazi wa Morogoro au Mbeya ana milima yake hapohapo.

Antena fupi ya kiwandani ndiyo kikwazo cha pili. Kwa mita 2, robo ya wimbi ni takriban sentimita 49. Waya mmoja uliosimama wa urefu huo na nyaya nne za chini zilizoinama, zikiunganishwa kwa waya wa koaksia na kuwekwa juu ya mlingoti wa mianzi, hukupa usikivu ambao kijiti cha mpira hakitoi. Gharama yake ni ndogo na kazi yake ni ya alasiri moja.

4. Kuitambua ripita na kuingia

Ripita ni kituo kilichowekwa mahali pa juu ambacho husikiliza masafa moja na kurusha papo hapo kile inachokisikia kwa masafa mengine. Ndiyo inayomwezesha mtu wa redio ya wati 5 kusikika mkoa mzima. Ili uitumie unahitaji namba tatu: masafa yanayotoka, masafa ya kuingilia, na toni. Kwa mita 2 katika Kanda ya 1, ya kuingilia huwa 600 kHz chini ya yanayotoka. Ikitoka 145.700, unaingia kwa 145.100. Kwa sentimita 70 tofauti hubadilika nchi kwa nchi, kwa hiyo usikisie.

Zipo orodha za ripita kwenye intaneti, na RepeaterBook ndiyo inayojulikana zaidi. Zitumie kama dokezo la kwanza. Katika nchi zenye waendeshaji wachache, ripita huweza kukaa kwenye orodha baada ya betri yake kufa, na nyingine ikawashwa bila kuandikwa. Ushahidi ni sikio. Ripita hujitambulisha kila baada ya muda kwa mosi au kwa sauti, hata kama hakuna anayezungumza. Iache redio ikague zile chaneli 16 kutwa nzima ukifanya kazi zako nyumbani, na ukisikia mosi fupi andika masafa na saa. Mosi za utambulisho hutumwa polepole kiasi kwamba unaweza kuzirekodi kwa simu na kuzisoma baadaye.

Kuhusu toni, redio nyingi zina uwezo wa kuitambua toni inayopokelewa. Ripita ikiwa inarusha toni, utaiona. Ikiwa hairushi, subiri mtu aingie, kisha sikiliza masafa ya kuingilia: ukimsikia mtumiaji moja kwa moja, kagua toni yake hapo. Mbinu hiyo ina faida ya pili. Mtu unayemsikia kwenye masafa ya kuingilia yuko karibu nawe, na mnaweza kuhamia 145.500, kisha chaneli nyingine ya wazi, bila kuitegemea ripita kabisa.

Ukishakuwa na namba zote tatu, bonyeza, taja kolisaini yako, sema kwamba unasikiliza, achia. Ripita hubakia hewani sekunde moja au mbili baada yako. Ukiusikia mkia huo, umeingia.

5. Usiiache bendi ya mita 40

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya Ulaya na Marekani unapotuacha. Huko waendeshaji wamejaa, na neno la karibu lina maana ya ripita ya mjini. Kwetu waendeshaji ni wachache na wametawanyika, na jirani yako wa redio anaweza kuwa kilomita 150 au 400 kutoka hapo. Bendi ya kumfikia ni mita 40, kuanzia 7.000 hadi 7.200 MHz, ikiwa leseni yako inairuhusu.

Tuseme unaishi Nakuru na unataka kuzungumza na Nairobi. Kati yenu kuna zaidi ya kilomita 100 na kingo za Bonde la Ufa. Redio ya mkononi haitavuka. Lakini ukirusha 7 MHz mchana kutoka kwenye antena ya chini, mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la ionosfia, na kuanguka kama mvua juu ya eneo lote la mamia ya kilomita. Milima haiyazuii kwa sababu yanatoka juu. Wataalamu huiita NVIS, na karibu na ikweta, ambako jua huipa ionosfia nguvu, njia hii hufanya kazi vizuri mchana.

Antena yake ni waya. Gawanya 143 kwa masafa katika MHz: kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo, yaani mita 10 kila upande. Ifunge kati ya miti miwili kwa kimo cha mita 4 hadi 8. Hakuna haja ya mnara. Kama huna redio ya kurusha ya HF bado, kifaa kidogo cha SDR chenye uwezo wa kupokea HF, pamoja na kompyuta, kinatosha kuanza kusikiliza, na kioo kitakuonyesha bendi nzima kwa wakati mmoja: kila anayezungumza huonekana kama mstari unaoshuka, nawe unamfuata kwa kubofya.

Sauti kwenye mita 40 hutumwa kwa LSB, na juu ya 10 MHz hutumwa kwa USB. Asubuhi na mchana tafuta majirani. Jua likizama bendi hurefuka, na sauti za Ghuba, Ulaya na kusini mwa Afrika huanza kuwafunika walio karibu. Kumbuka pia kwamba 7.110 MHz ni kitovu cha mawasiliano ya dharura katika Kanda ya 1, na 14.300 ni cha dunia nzima. Zisikilize, uzijue, na uziache wazi wakati wa maafa.

Kabla ya kulaumu bendi, ilaumu nyumba. Taa za LED, chaja za simu na inveta za sola hurusha kelele inayozima HF yote. Iendeshe redio kwa betri, zima swichi kuu ya umeme na inveta kwa dakika moja, usikilize tofauti. Kelele ikishuka sana, washa kifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji.

6. Badili saa zako ziwe za UTC

Ratiba za redio huandikwa kwa saa za UTC, na hapa wengi hupotea. Kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili kuna njia fupi. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya UTC. Kwa saa za mchana, ongeza 3 kwenye saa ya Kiswahili: saa moja asubuhi ni 04:00 UTC, saa sita mchana ni 09:00. Kwa saa za usiku, ongeza 15: saa moja usiku ni 16:00 UTC, saa tatu usiku ni 18:00. Ukiwa Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi, ongeza 4 mchana na 16 usiku. Jumla ikifika 24 au kuizidi, toa 24. Kuwa mwangalifu pia na siku: kikao cha hewani kilichoandikwa Jumamosi saa 21:30 UTC huko Dar es Salaam tayari ni Jumapili, saa sita na nusu usiku.

Andika daftari lako kwa UTC. Mtu wa Muscat au Johannesburg akikuuliza ulimsikia nani lini, mtakuwa mnasoma saa ileile.

7. Watafute watu, namba zitafuata

Njia ya haraka kuliko kupekua bendi ni kujua nani yuko hewani. Kwanza, zikariri alama za mwanzo za kolisaini za majirani, ili ukisikia mbili tatu za mwanzo ujue uko na nani: 5Z Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ET Ethiopia, C9 Msumbiji, 7Q Malawi, 9J Zambia, D6 Komoro, A4 Oman, ZS Afrika Kusini.

Pili, tumia ramani ya PSK Reporter. Vituo vinavyotumia njia za kidijitali kama FT8 huripoti humo kila kinachosikika, pamoja na bendi na saa. Ifungue jioni, tafuta nchi yako na jirani zako, uandike kolisaini na saa zao. Kesho yake rudia asubuhi. Baada ya wiki utaona mpangilio: fulani huwepo mita 20 jioni, mwingine mita 10 mchana. FT8 yenyewe ina masafa yasiyobadilika: 7.074, 14.074, 21.074 na 28.074 MHz. Hutumwa kwa vipindi vya sekunde 15, kwa hiyo saa ya kompyuta lazima iwe sahihi. Kwa APRS, tovuti ya aprs.fi hukuonyesha kama kuna kituo chochote kilichosikika mkoani kwako.

Tatu, ulizia chama. Kenya ina chama chake cha redio ya ridhaa, na nchi jirani zina vyama au vikundi vyake. Swali zuri kwa mwenyeji si kuomba orodha ya masafa. Muulize hivi: Mzee, ninyi hukutana wapi hewani, siku gani, saa ngapi? Swali hilo moja hujaza safu zote nne za daftari. Mwenyeji akikujibu, nenda siku hiyo, na ukifika usingoje kualikwa mara mbili. Kiongozi wa kikao akiuliza kama kuna wengine, taja kolisaini yako.

Nne, zitumie siku za msongamano. Wikendi ya Jamboree ya maskauti hewani, ambayo kwa kawaida huwa ya tatu ya Oktoba, vituo vingi hufunguliwa na wageni hukaribishwa. Wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba ni ya mashindano ya CQ World Wide kwa sauti, na bendi za HF hujaa. Hata usiposhiriki, siku mbili za kusikiliza zitakufundisha alama za nchi kuliko kitabu.

8. Ipime bendi kwa vituo vya ishara

Ukisikia kimya utataka kujua: bendi imefungwa, antena yangu mbovu, au hakuna mtu? Jibu utalipata kwenye mtandao wa vituo 18 vya ishara unaoendeshwa na shirika la NCDXF pamoja na IARU. Hutuma kwa zamu, sekunde 10 kila kimoja, kwenye 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz, na mzunguko hujirudia kila dakika tatu kuanzia mwanzo wa saa. Kila kimoja hutaja kolisaini yake kwa mosi, kisha hutuma milio mirefu minne kwa nguvu ya wati 100, 10, 1 na sehemu ya kumi ya wati.

Afrika ina viwili. ZS6DN cha Pretoria hutuma kwenye 14.100 ikifika dakika 1 na sekunde 40 za mzunguko, na 5Z4B cha Kenya hufuata sekunde 10 baadaye. Kituo kinaweza kuzimwa kwa matengenezo, kwa hiyo usihukumu kwa kimoja. Lakini ukisikia vituo vitatu au vinne kutoka pande tofauti, antena yako ni nzima na bendi iko wazi. Kimya kikiendelea hapo, ni kwamba hakuna aliyeita, na wewe unaweza kuwa wa kwanza.

9. Usisahau walio juu

Kituo cha anga cha kimataifa huzunguka dunia kwa kama dakika 90, kwa kimo cha takriban kilomita 400, na hupita juu ya Afrika Mashariki kila siku. Redio ya mkononi inatosha kukisikia kwenye 145.800 MHz wanapozungumza, na vifurushi vya APRS hutumwa kwenye 145.825. Ripita yake inapowashwa hupokea 145.990 kwa toni ya 67 Hz na kurusha 437.800. Programu yoyote ya simu inayofuatilia satelaiti itakupa saa ya kupita, na ukiwa nje kwenye uwanja wazi una dakika zisizozidi 10.

Pia ipo QO-100, iliyorushwa Novemba 2018 ndani ya satelaiti ya Qatar, Es'hail-2. Yenyewe haipiti. Imetulia juu ya ikweta karibu na nyuzi 26 mashariki, na huifunika Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati usiku na mchana. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam dishi lako hutazama karibu juu kabisa, likiegemea magharibi. Kuipokea kunahitaji dishi la kawaida la televisheni, LNB iliyotulia na kifaa cha SDR, kwa masafa ya 10489.5 hadi 10490 MHz. Kwa mtu aliye mbali na kila mwenzake, hiyo ni sehemu yenye sauti kila siku.

10. Ukihama, jedwali linabadilika

Leseni yako ni ya nchi iliyoitoa. Kabla ya kuvuka Namanga, Rusumo au Malaba na redio, uliza mamlaka ya upande wa pili. Ndugu walioko Marekani watumie 146.520 MHz kuitana kwa FM, 446.000 kwa sentimita 70, na 144.390 kwa APRS, huku wakifuata daraja la leseni yao ya FCC. Walioko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya watumie 145.500 kama sisi. Walioko Oman watembelee Jumuiya ya Kifalme ya Redio ya Ridhaa ya Oman jijini Muscat. Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na kolisaini, A41AA, na redio ya ridhaa ina heshima yake huko.

Kabla ya kubonyeza

Sikiliza angalau dakika moja. Uliza kama masafa yanatumika, ngoja, uliza tena. Kwa SSB unaweza kuwa unamsikia mmoja tu kati ya wawili, na kimya chako kinaweza kuwa zamu ya yule usiyemsikia. Taja kolisaini yako kamili, polepole, kwa herufi za kimataifa. Zungumza Kiswahili na jirani bila kusita kama masharti ya leseni yako hayakatazi, ila kolisaini iwe wazi kwa yeyote anayesikiliza. Ukimaliza, jaza daftari palepale.

Ukifuata utaratibu huu kwa mwezi mmoja utakuwa na ukurasa wenye masafa machache, pengine matano au sita, kila moja likiwa na saa na majina. Ukurasa huo una thamani kuliko orodha ndefu yoyote ya kupakua, kwa sababu kila mstari wake umeusikia mwenyewe. Usiufungie kabatini. Mpe nakala anayepata leseni baada yako, na kipelekee chama.

Na kama mkoani kwako hukusikia mtu kabisa, basi kazi ni yako kuanzisha. Chagua siku moja na saa moja ya wiki, kwenye 145.500 au mahali pa wazi ndani ya sehemu ya sauti ya mita 40, itangaze kwa kila mwendeshaji unayemjua, na ukae hapo nusu saa kila wiki, ajibu mtu asijibu. Redio ya ridhaa katika nchi zetu itakua kwa watu wanaotimiza saa waliyoitangaza. Chagua yako leo, uiandike, uitimize.